Kalenda ya Shule Isiyo na Watoto

Jumatatu nilikuwa steshenari moja mtaa wa Daraja Mbili nikisubiri fotokopi, akaingia mwalimu mzee wa shule ndogo ya Wayahudi. Alimpa dada wa kompyuta kalenda ya mwaka ya shule: mwaka mpya wao, Sikukuu ya Vibanda, Hanuka yao ya kuwasha taa, Pasaka.

"Shikamoo, mwalimu. Nakala ishirini kama kawaida?"

"Marahaba. Moja tu, mwanangu. Familia ya mwisho yenye watoto imehama wiki iliyopita."

"Sasa hiyo moja ni ya nani?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Ya ukutani. Nisipoibandika, nitajuaje leo watoto wangekuwa wanaimba nini?"

Dada alichapa ile moja, akamkabidhi. Mimi, ambaye kila Krismasi hulalamikia kelele za watoto wa jirani, nilitazama sakafu.