Maneno Ambayo Minza Hakuyasema

Milembe alizaliwa katika kijiji cha Sapiwi, akaolewa Sapiwi, na mpaka leo analima pamba yake hapo hapo. Shuleni aliishia darasa la saba, lakini alijaliwa ulimi mwepesi. Kisukuma alikinyonya kwa mama yake. Kiswahili alikipata darasani, kingine kwa fimbo. Kwa hiyo nesi au bwana shamba mgeni akifika kijijini na kushindwa kuelewana na wazee, watu walimwelekeza kwake: nenda kwa mama Mhoja, atakufasiria. Alifasiri siku za chanjo. Alifasiri kesi za ng'ombe waliokula mtama wa watu. Mara moja alifasiri hata posa, kijana mmoja wa Moshi alipokuja kuoa kwa mzee Mayige, na ingawa ugomvi wa idadi ya ng'ombe ulikuwa mkali, hakuongeza neno wala hakupunguza. Watu walimwamini kwa hilo.

Mwinjilisti Method alipofungua kanisa dogo la mabati kule njia panda, Milembe alikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo. Method alikuwa mtu wa mjini, mchangamfu, Kiingereza chake kikitiririka, lakini Kisukuma hakukijua zaidi ya salamu. Mwaka wa pili alianza kuleta wageni kutoka Ulaya, watu wa shirika lililokuwa likimsaidia. Wageni walisema Kiingereza, Method akageuza kwa Kiswahili, Milembe akageuza kwa Kisukuma. Na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Walijenga tangi la maji karibu na kanisa, na Milembe alijivunia kwamba ulimi wake ulikuwa na sehemu katika kazi hiyo.

Siku moja, baada ya ibada, Method alisema wageni wanataka kutembelea wazee ambao hawajaokoka. Akawapeleka kwa Minza.

Minza alikuwa mjane aliyeishi peke yake ukingoni mwa mbuga. Kanisani hakuwahi kukanyaga. Alikuwa na kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba na pombe kidogo aliyowamwagia wazee wake waliotangulia. Kuni ziko mbali huko, kwa hiyo alipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umemgeuza macho kuwa mekundu kama pilipili. Kwetu hilo si jambo dogo. Macho mekundu yamewaua vikongwe wengi wasiokuwa na kosa, kwa kudhaniwa wachawi.

Wageni wakakaa kwenye vigoda, mmoja wao akiwa na kamera. Mama mmoja mwenye nywele fupi aliuliza kama bibi ana lolote la kuwaambia.

Minza alifikiri, kisha akasema polepole, na Milembe akageuza kila neno: "Macho yananiuma. Usiku siwezi kulala kwa kuwashwa. Kama mna dawa ya macho nitashukuru. Na mwanangu alikwenda machimboni akapotea. Kama Mungu wenu anatafuta watu, mwambieni amtafute na huyo."

Method alisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wageni, akaanza kusema Kiingereza. Alisema muda mrefu kuliko alivyosema Minza. Milembe hakuwa na Kiingereza cha maana, ila alimwona mama mwenye nywele fupi akishika mdomo, kisha akilia, kisha akipiga magoti na kumkumbatia Minza. Minza, akiwa mikononi mwa yule mama, alimtazama Milembe kama mtu anayeuliza kuna nini.

"Wamefurahi, mayu," Milembe alimwambia kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima.

Walimwachia blanketi na mche wa sabuni. Dawa ya macho hawakumpa.

Miezi ikapita. Wakati wa kuvuna pamba, Method aliwakodia waumini gari kwenda Bariadi mjini, kwenye mkutano mkubwa wa kuchangia ujenzi. Ukumbini kulikuwa na kitambaa kikubwa cheupe cha kuonyeshea picha. Taa zikazimwa. Milembe akaona mbuga ya kwao, akaona vigoda, akaona uso wa Minza ukiwa mkubwa kama nyumba. Midomo ya Minza ikafunguka, na juu yake ikaja sauti ya mwanamke mwingine kwa Kiswahili safi cha redioni:

"Nilikuwa mchawi. Kwa miaka mingi nimewala watoto wa majirani zangu. Leo nimezitupa hirizi zangu na Yesu amenipokea."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Chini ya sauti ile, kwa mbali sana, Milembe aliisikia sauti yake mwenyewe ikifasiri habari za macho. Alitoka akipita katikati ya magoti ya watu, akafika nyuma ya choo, akatapika chai yote ya asubuhi. Kinyaa kile hakikuisha hata alipomaliza. Kilimkaa kooni kama mafuta yaliyoganda.

Alimkuta Method mchana, chakula kikiwa tayari, mfupa wa mbuzi mkononi.

"Mwinjilisti, Minza hakusema vile."

"Kaa kwanza ule, mama Mhoja."

"Mimi ndiye niliyefasiri. Alisema macho. Alisema mwanawe."

Method alifuta vidole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchukiza Milembe zaidi. "Dada yangu, nikuambie ukweli. Mtu hafungui mkoba Ulaya kwa sababu bibi anawashwa macho. Wanataka ushuhuda. Lile tangi unaloteka maji, unadhani lilijengwa kwa kuwashwa macho? Bibi hajui Kiingereza wala hana simu. Amepungukiwa nini?"

"Anaishi na watu. Nusu ya Sapiwi wako humu ndani."

"Basi wamesikia kwamba ameokoka," Method alisema, akarudi kwenye mfupa wake.

Milembe aliutazama mdomo ule ukitafuna, midevu iking'aa kwa mafuta. Aliiacha sahani aliyopewa bila kuigusa.

Walichosikia watu kilifika kijijini kabla ya kiza. Neno lililoshika lilikuwa la kwanza, lile la watoto. La kuokoka lilidondoka njiani. Mawe yakaanza kuvurumishwa kwenye bati la Minza. Kisimani wanawake walivuta ndoo zao alipokaribia. Kisha mtoto wa jirani akashikwa na homa, na vijana wakaonekana wakinoa mapanga mahali ambapo hapakuwa na kazi ya panga.

Milembe alimwendea Masunga, mwenyekiti wa kitongoji, akamwomba aite mkutano siku ile ile. Mbele ya watu alisimama akasema yote kwa Kisukuma: alichosema Minza, alichosema yeye, na maneno aliyowekewa mdomoni na Method kwenye picha ile.

"Na wewe ulilipwa nini?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Soda na kitenge. Kitenge nimekivaa hapa. Nikivue?"

Masunga alisema atakayemgusa Minza atapelekwa polisi, na kwamba mtoto apelekwe zahanati badala ya kuzunguka na mapanga. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akapona. Baadhi ya watu wakaamini. Wengine walisema Milembe naye lazima ana lake, hata amtetee kikongwe kiasi hicho.

Usiku wa siku ile ya mkutano, Milembe alimhamishia Minza kwake. Mumewe Machibya alinung'unika siku mbili, kisha akatengeneza kitanda cha kamba.

Baadaye Milembe alimpeleka hospitali ya mjini. Daktari aligeuza kope za Minza, akasema ni vikope. Kope zimejikunja ndani na kuchubua mboni. Alimfanyia upasuaji mdogo. Jicho la kushoto limebaki na ukungu, la kulia linaona vizuri.

Minza alielezwa kila kitu kuhusu ile filamu. Akauliza, "Na habari ya mwanangu, je? Waliisema?"

"Hapana, mayu."

"Basi walikuja kufanya nini?"

Milembe hakuweza kulifasiri swali hilo kwa mtu yeyote.

Kanisa la njia panda lipo, na limepata sakafu ya vigae. Milembe alimtaka Method aiondoe picha ile. Akajibiwa kwamba haiko mikononi mwake tena, imeshasambaa huko kwa wafadhili. Milembe siku hizi husali kigango cha Wakatoliki, akitembea mwendo mrefu zaidi. Wageni wapya walipokuja mwaka huu, Method alikuwa na mfasiri mwingine, binti wa mjini aliyevaa viatu virefu. Gari lao lilipita kando ya shamba wakati Milembe anapalilia. Mgeni mmoja alipunga mkono dirishani. Milembe alitema mate udongoni, akaendelea na mstari wake wa pamba.