Majani ya Jerica

Jerica Plaznik alikulia kwenye hopi, na alitarajia kuzikwa akiwa bado ananukia hopi. Katika bonde la Savinja hilo si jambo la kushangaza. Kila ukoo una mtu mwenye shamba la mmea huo unaotambaa juu ya nyaya na kutoa maua ya kutia bia uchungu. Shamba la baba yao lilikuwa limebaki kwa mdogo wake, Rado, ng'ambo ya barabara. Jerica, mjane asiye na mtoto, alibaki na mashina machache nyuma ya nyumba, aliyoyapanda marehemu mumewe Vinko ili wapate kivuli cha kunywea kahawa.

Kila mwaka baridi ilipokwisha alivuka barabara na kisu chake kumsaidia Rado kupogoa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa vibarua wote, na ile ndiyo siku aliyojiona bado ana kazi duniani.

Kiangazi kimoja majani ya nyuma ya nyumba yakaanza kugeuka manjano. Yalianzia chini, na kwa kuwa yalianzia chini, Jerica akasema ni njaa. Mmea ukikosa mbolea hula majani yake ya zamani kwanza. Akayamwagia mashina samadi ya kuku, akaongeza maji. Jirani yake Tilka, mwanamke asiyekosa neno, akasimama kwenye ua akimtazama.

"Unayalisha hayo kuliko unavyojilisha mwenyewe," akasema. "Hebu jitazame, sketi inakuvuka."

"Yenyewe hayanisemi."

Lakini majani hayakurudi kijani. Akayageuza, akayakagua upande wa chini kwa miwani ya Vinko, maana utitiri mwekundu hujificha huko na kusuka utando kama vumbi. Aliona wachache, akawaosha kwa maji ya sabuni. Akatafuta unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiri, hakuuona. Akatafuta ukungu wa kijivu unaokuja na mvua nyingi, nao hakuuona. Ndipo akaanza kuogopa ule mnyauko unaotoka kwenye udongo na kuua kuanzia mizizini. Akakata shina moja na kulipasua: mnyauko ungelikuwa umeacha kahawia ndani. Shina lilikuwa jeupe, safi. Siku hiyo alikunywa kahawa yake kwa furaha, akamwambia Tilka kwamba amekwisha kulijua jambo lenyewe. Ni ukame tu, utapita.

Haukupita. Mwaka uliofuata mashina yalichipua kwa unyonge. Nyaya alizoyafungia yalizifikia nusu tu, majani yakawa madogo, kingo zimejikunja kuelekea chini, na magome ya mashina yakapasuka kwa urefu kama midomo ya mtu mwenye homa. Katika maisha yake yote Jerica hakuwahi kuona mpasuko wa namna ile.

Rado ndiye aliyemwita mkaguzi wa mimea, mama mmoja mpole aitwaye Zdenka Krivec. Hakumwitia mashina ya dada yake. Alimwita kwa sababu mstari mmoja wa shamba lake mwenyewe, ule ulio karibu na barabara, ulikuwa umedumaa. Mkaguzi alichukua majani ya huko, kisha, kwa kuwa Jerica alimsihi, akachukua na ya nyuma ya nyumba.

Majibu yalipofika, mama Krivec alikuja mwenyewe, akakaa jikoni kwa Jerica, Rado akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya matope. Akaeleza kwamba ugonjwa wa pande zote mbili ni mmoja, kijidudu kidogo kuliko hata kirusi, hakina dawa, na kinakaa ndani ya utomvu. Hakirushwi na upepo. Kinabebwa na mikono, na nyuzi, na chochote kinachokata.

Jerica aliona mdogo wake akifikiria, na alijua anafikiria nini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amefika huko kabla yake.

"Dada," Rado akasema, "kisu ulichopogolea kwangu ndicho unachotumia hapa?"

"Ndicho hicho."

"Ulianzia wapi? Kwako au kwangu?"

"Kwangu. Kila mwaka naanzia kwangu, halafu ndio navuka."

Rado akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Mama Krivec akasema haraka kwamba hakuna awezaye kujua kwa hakika, huenda kilikuja na miche ya mahali pengine.

Shamba lote liling'olewa, kwa sababu mkaguzi alipima tena na kukikuta kijidudu hata kwenye mistari iliyoonekana mizima. Jerica alitaka kusaidia. Rado alimwambia kwa upole akae nyumbani apumzike, na upole ule ulimchoma kuliko matusi. Jumapili aliendelea kupika supu ya ng'ombe yenye tambi, kama mama yao alivyopika, lakini Rado alikuwa na shughuli, kisha akawa na mafua, kisha akaacha kutoa sababu. Vuli akawakodishia wengine shamba walime mahindi, akaenda kufanya kazi kwenye ghala la mbao mjini.

"Atarudi tu," Tilka alimwambia. "Damu ni damu."

"Hajakasirika, Tilka. Angekasirika ningejua la kufanya."

Mashina ya Vinko nayo yalichimbwa na kuchomwa. Aprili, pale yalipokuwa, mzizi uliosahaulika ukatoa chipukizi. Jerica akapiga magoti, akalichunguza jani kwa miwani. Lilikuwa kijani kibichi, kingo zimenyooka, upande wa chini safi. Hakuna ugonjwa wowote ambao angeweza kuutaja. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akalifukua chipukizi mpaka mwisho wa mzizi, akalitia kwenye mfuko, akaingia ndani kunawa mikono. Alinawa mara nyingi siku hizo.