Bibi Yangu Aliomba Kesi Iahirishwe, Eti Yuko Eda

Wakuu, nimewahi kumwona bibi yangu wa miaka sabini na tisa akisimama mahakamani kuomba kesi iahirishwe kwa sababu amefiwa na mume.

Babu yangu alikufa kabla sijazaliwa.

Sijatunga. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Nianze na kesi. Kijijini kwetu, upande wa mji wa Malayer, mizabibu yote inakunywa maji ya kanati, mfereji wa chini kwa chini ambao mababu waliuchimba kutoka mlimani. Haji Safdar, jirani mwenye pesa zake, akachimba kisima kirefu upande wa juu, akafunga pampu. Maji yetu yakaanza kupungua.

Tukamshtaki. Mara ya kwanza kesi ikaahirishwa, wakili wake anaumwa. Mara ya pili, mtaalamu wa maji hajafika. Mara ya tatu, faili halionekani.

Kila tukirudi nyumbani tunaikuta pampu inanguruma. Mimi silali, sili, nazunguka tu uani kama kuku anayetaka kutaga.

Mpaka kanati ikakauka kabisa. Hapo ndipo Haji akataka hukumu, tena leo leo.

"Mheshimiwa," wakili wake akasema, "kanati ile ilikufa miaka mingi kabla ya kisima cha mteja wangu. Kanati iliyokufa haina haki ya maji. Tumalize."

Mashahidi wetu walikuwa wanakijiji watupu, na karatasi ya vipimo hatuna hata moja. Nikajua tumekwisha. Shamba alilotuachia baba ndiyo basi tena.

Ndipo Bibi Golandam akanyanyuka, baibui jeusi mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu hakimu, kama amekufa, basi mimi nina eda. Niahirishie. Miezi minne na siku kumi."

"Eda ya nani, mama?"

"Ya kanati. Ni mume wangu."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nikawa natazama viatu vyangu.

Ni kweli lakini. Zamani kwetu, kanati ikipungua maji, wazee walisema ni mwanamume mpweke, wanamwozesha mjane. Bibi alifiwa na babu akiwa na miaka ishirini na tatu, wakamwozesha. Kila mwezi akawa anashuka kuoga humo, na kijiji kinampa ngano.

Mambo hayo huyasemi mbele ya hakimu mwenye kompyuta. Asubuhi nilimbembeleza abaki nyumbani, akanijibu, "Ayaz, wewe endesha gari."

Hakimu alijikaza asicheke. "Mama, mahakama haiwezi..."

"Tena hana eda huyo," Haji Safdar akadakia kutoka kwenye benchi. Haji anajua dini kuliko wote, mpaka imamu anasahihishwa naye. "Bibi, usitupotezee muda. Mumeo alikata roho tarehe kumi na mbili, mwezi wa Khordad, nilisimama palepale nikaona tone la mwisho. Leo tuko mwezi wa Aban, wa tano tangu hapo. Hesabu mwenyewe, eda ilishaisha."

Wakili akamvuta mkono wa koti. Alikuwa amechelewa.

Hakimu akaacha kutabasamu. "Khordad ya mwaka gani, Haji?"

"Mwaka hu..." Akamgeukia wakili wake.

"Na kibali cha kisima chako hapa kinasema mwaka jana, kabla kanati haijafa. Karani, andika alivyosema, neno kwa neno."

Kesi ikaahirishwa. Pampu izimwe, mtaalamu apime kama maji yatarudi. Muda, miezi minne na siku kumi. Nadhani hakimu naye alikuwa na utani wake.

Kwenye gari nilicheka peke yangu njia nzima. "Bibi, umemnasa Haji kama panya."

"Nimemnasa nani?"

"Si ile janja yako ya eda."

Akanigeukia, macho mekundu. "Ayaz, miaka hamsini na sita naoga kwake. Tangu Khordad nyie mnalia na zabibu zenu. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole."

Nikasimamisha gari kando ya barabara. Aibu niliyoisikia siwezi kuwaeleza. Nikampa pole, ile ya msiba kabisa, mikono miwili.

"Nimeshapoa, mwanangu," akaitikia, akajifuta na ncha ya baibui.

Maji yalirudi wiki ya saba, membamba, yanafika kifundo cha mguu. Baadaye kisima cha Haji kikafungwa kwa amri ya mahakama. Lakini Bibi hakusubiri hukumu. Siku ileile maji yaliporudi alivua nguo nyeusi, akashuka ngazi za kanati ameshika bega langu, akaniambia nigeukie ukutani.

Nilichojifunza ni kidogo tu, wakuu. Mtu akikwambia amefiwa, mpe pole kwanza. Usianze kumhesabia tarehe.