Siku Ilagala Ilipoanua Vigae

Saa moja asubuhi, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika nje kidogo ya kijiji cha Ilagala, Ziada Hamdani anakita miguu mchangani, anashika mipini ya chekeche la waya na kuanza kulitikisa. Udongo unaanguka chini. Juu ya waya yanabaki mawe, mizizi na vipande vya vyungu ambavyo waliovivunja hawakuwahi kudhani kwamba kuna mtu angelipwa kuvitafuta.

Kila kigae anakiweka kwenye trei yake. Trei hazigusani. Kikaratasi kinachoonyesha kina cha udongo kimetiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na juu ya mfuko pana jiwe.

Mwanamke mmoja anapita na ndoo kichwani. Ni Mwanakheri, dada wa mume wake, ambaye chanja zake za kuanikia dagaa ziko umbali wa kuitana.

"Wifi, leo hujaona wingu? Tuje tukusaidie?"

"Kaa na dagaa wako."

"Dagaa gani? Wangu walishaliwa na kuku."

Ziada hainui kichwa. Mzaha huo ameusikia kila asubuhi kwa zaidi ya wiki, na ni kweli tupu.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na kazi aliyokulia ni kuanika dagaa. Hii ya kuchekecha udongo aliipata katika miezi ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazaliane. Analipwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku. Chanja zikiwa tupu, malipo ya namna hiyo hayajadiliwi.

Watafiti si wageni hapa. Wamepita wahandisi, wakaacha kaushio la jua ambalo sasa kuku hutagia ndani. Wamepita wataalamu wa maji, wakajaza chupa na kuondoka nazo. Wamepita wa elimu, wakawauliza wazazi kwa nini watoto huenda ziwani siku za shule; wakajibiwa, na mwaka uliofuata wakaja wengine kuuliza lile lile. Wanakijiji wamejifunza kujibu kwa adabu na kutosubiri matokeo.

Dkt. Oswald Rwegoshora, mwanaakiolojia aliyezaliwa Bukoba, alikuja na swali tofauti kidogo: watu wa mwambao huu walianza lini kukausha samaki na kuwauza mbali? Kwa maelezo yake, jibu halimo katika vigae vyenyewe bali katika mpangilio wake ardhini. Cha chini ni cha kale kuliko cha juu. Ukijua kila kipande kilitoka kina gani, una historia. Usipojua, una vyungu vilivyovunjika.

Mpangilio huo ndio Ziada aliouvuruga.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Dkt. Oswald alikuwa amekwenda Kigoma mjini kufuatilia kibali cha kuchimba. Vigae vya mashimo mawili, ambavyo ni kazi ya msimu karibu wote, vilikuwa vimeoshwa kwa mswaki na kuanikwa, kila trei na kikaratasi chake. Jioni hiyo vilikuwa viandikwe alama kwa wino. Mchana, wingu jeusi likatokea upande wa Kongo.

Kwenye mwambao huu, mvua ikitishia, hakuna anayeuliza dagaa ni wa nani. Aliye karibu anaanua. Dagaa husombwa fungu kwa fungu hadi chini ya turubai moja, na mvua ikipita kila mwanamke huja na kutambua fungu lake kwa rangi na kwa jinsi lilivyokauka. Ugomvi hutokea, lakini ni nadra.

Ziada alipaza sauti kwa Kiha kwamba mvua imefika. Wanawake wa chanja za jirani waliacha dagaa wao wakakimbilia vigae, kwa sababu vigae vilikuwa mali ya mgeni, na mgeni hakuwepo. Na kwa kuwa vigae havipondeki kama dagaa, hawakuona haja ya mafungu. Walivimimina vyote pamoja kwenye turubai, wakalikunja, wakalikalia. Vikaratasi vilikwenda na upepo.

Hakuna kigae hata kimoja kilicholowa. Dagaa wa Mwanakheri walilowa wote, na siku iliyofuata akawauza kwa mfugaji wa kuku kwa bei ambayo hadi leo hapendi kuitaja. Ni haki kuongeza kwamba vigae hivyo vilikuwa vimekaa katika ardhi yenye maji kwa mamia ya miaka bila kudhurika.

Dkt. Oswald aliporudi aliwakuta wanawake wamejipanga wakisubiri shukrani. Alifunua turubai. Akapindua ndoo, akaikalia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kipi kilikuwa kimetoka wapi.

"Nikamwambia, usijali Daktari, wenyewe watakuja kuvitambua," anasema Ziada. "Neno lilikuwa limeshanitoka ndipo nikaelewa. Wenyewe walishakufa zamani."

Dkt. Oswald hakumfokea. Ziada anasema angefokewa angalau angejua amesimama wapi. Kwa siku mbili hakuambiwa aendelee na kazi wala aache, na kila aliyepita alimtazama kama mtu aliyefiwa.

Kilichobaki kizima kilikuwa ukuta mmoja wa udongo, wenye upana wa hatua moja, ulioachwa kati ya mashimo hayo mawili. Ndani yake tabaka zilikuwa bado zimelala kama zilivyolala tangu mwanzo. Lakini ziwa, ambalo kwa miaka ya karibuni limepanda na kula nyumba kadhaa za pwani hii, lilikuwa limeanza kuumega kwa chini. Kibali kilikuwa kimebakiza wiki mbili. Ukuta ukiharibika, msimu mzima ungekuwa bure, na mradi usingekuwa na sababu ya kurudi Ilagala. Dkt. Oswald aliamua kuleta wanafunzi wake kutoka mjini washike chekeche.

Ziada alipata habari, akajifunga kanga, akamfuata. Mwanakheri alimkataza, alisema anakwenda kujidhalilisha bure. Baada ya kumsalimu Daktari, Ziada hakuomba msamaha, kwani alikuwa ameshauomba mara nyingi kiasi cha kuupunguzia uzito.

"Daktari, mvua ikija, wanawake wa hapa watakimbilia tena vitu vyako," alimwambia. "Ndivyo tulivyo. Hao watoto wako hawataweza kuwazuia. Mimi ndiye niliyewaita, na mimi nitawazuia."

"Sikumrudisha kwa huruma," anasema Dkt. Oswald. "Nilimrudisha kwa sababu alisema kweli."

Leo, ukuta ukiwa umechimbwa tabaka kwa tabaka hadi kubaki kimo cha goti, hoja hiyo inapata mtihani wake. Saa saba mchana upepo unageuka. Wingu linasimama juu ya ziwa, na matone ya kwanza yanapiga mchanga. Trei zote ziko wazi. Kutoka kwenye chanja, wanawake wanaanza kukimbia, na safari hii pia wanakimbia kuelekea vigae.

Ziada anasimama mbele ya trei, amenyoosha mikono.

"Viacheni vinyeshewe."

Wanasita. Mmoja anauliza kama amerukwa na akili. Mwingine anasema utafiti umempanda kichwani. Kumzuia mtu anayekuja kuokoa mali ni jambo ambalo hapa halifanywi, na uso wa Ziada unaonyesha kwamba anajua. Anayarudia maneno yale yale. Anainama, anahakikisha kila jiwe liko juu ya mfuko wake, kisha anawapita wote mbio, na wao wanamfuata, hadi kwenye chanja za Mwanakheri.

"Shika vizuri," Mwanakheri anamwambia, kila mmoja akivuta ncha yake ya turubai. "Hawa wanaliwa."

Mvua inapokatika, Dkt. Oswald anapita trei kwa trei, akimwaga maji polepole. Kila kigae kipo mahali pake. "Tabaka ziko safi," anasema. "Zinasema nini, bado hatujui." Kwa uzoefu wa watafiti waliotangulia, zitakachosema huenda kikachapishwa mbali, kwa lugha ambayo wachache hapa wanaisoma.

Ziada hategemei kukisoma. Anachotaka ni msimu ujao, naye awe msimamizi wa wanawake wa chekeche. Dkt. Oswald amemwahidi nafasi hiyo fedha zikipatikana, sharti ambalo Ilagala imelisikia kutoka kwa kila aliyewahi kuja. Hata hivyo, Ziada ameshaanza kutafuta watu, na wa kwanza kumwendea ni wifi yake.

"Anabisha kuliko wote," anasema. "Akielewa yeye, wengine hawatanisumbua."

Mwanakheri anasema hajakubali. Ameuliza tu kama kazi itaanza wiki ile ile ziwa litakapofungwa, au itabidi asubiri.