Hodi Isiyojibiwa

Baba alipopata habari kwamba nimekwenda Nanyala kujifunza uhunzi kwa mjomba, alikuwa shambani anapogoa kahawa. Mama anasema hakusimamisha mkono. Alikata matawi kadhaa, mengine yasiyostahili kukatwa, kisha akauliza kama wanaume wa Mbozi wamekwisha. Swali hilo lilinifikia Nanyala siku ileile, maana kwetu Hasamba maneno hayasubiri gari.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Tunduma, ambako niliuza mitumba kwa miaka mingi. Sikuwa nimefilisika wala kuachika, kama walivyotamani iwe wale wanaoishi kwa habari za wenzao. Nilichoka tu kuuza vitu vilivyotengenezwa na watu nisiowajua. Nyuma ya foleni ya malori kuna yadi wanakokata magari mabovu, na nje yake springi hulundikwa zikashika kutu. Mjomba wangu, mhunzi, kaka yake mama, alikuwa anakuja pale kuzichagua. Anainua moja, anaigonga kwa jiwe, anasikiliza, anaitupa, anainua nyingine, kama mtu anayenunua chungu sokoni. Siku moja nilimwuliza anasikia nini. Badala ya kunijibu alinipa jiwe. Niligonga, na sauti ile ikapanda kwenye mkono hadi begani, nikajua kwamba mitumba nimeshaiaga.

Bahati nzuri, wilaya ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwaweka watu kwa mafundi wa asili: wafinyanzi, wasukaji wa matenga, wahunzi, ili kazi hizo zisizikwe pamoja na wenye nazo. Mwisho wa mafunzo unapimwa hadharani, na ukifaulu unatambuliwa kuwa fundi. Mjomba alikubali kunichukua. Alisema ananichukua kwa sababu nina mdomo, na kwamba mtu mwenye mdomo akifanya kazi ya kelele huwa anasaidika.

Sasa, baba alikuwa na kiwanja Nanyala, kando ya barabara kuu. Kaka yangu alikuwa anakimezea mate ajenge banda la chipsi. Mimi nilikitaka nijenge kiwanda changu cha kufua chuma. Nilikwenda Hasamba, nikapiga magoti, nikapiga makofi yale mepesi ya heshima, nikaomba. Baba ni mzee wa kanisa, na najua kabisa alikuwa anawaza watu watasema nini wakimwona bintiye amejaa masizi mbele ya malori.

"Siku watu wenye akili zao watakaposimama na kusema wewe ni fundi," alisema, "kiwanja ni chako. Wasiposema, unarudi hapa tunapalilia."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama mtu anayeahidi kitu kisichoweza kutokea. Nilitoka pale nimevimba hasira, na nikaapa barabarani, peke yangu, kwamba kile kiwanja nitakichukua.

Nikaanza na mivukuto. Ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, mkono huu unashuka, huu unapanda, na ukipoteza mwendo moto unajua kabla yako. Mabega yaliniwaka. Usiku nilishindwa kusuka nywele zangu mwenyewe. Baadaye nikapewa koleo, baadaye sana nyundo, na nyundo ya kwanza mjomba alininyang'anya kwa sababu, alisema, nilikuwa nakichapa chuma kama mke mwenza. Nilicheka hadi nikakaa chini, lakini nilimwelewa. Hasira yangu ilikuwa inafika kwenye fuawe, pale tunapofulia chuma, kabla ya nyundo.

Kuna wanawake waliokuja kunionya kwamba zamani mwanamke hakusogelea moto wa chuma, kwamba chuma kingeharibika na tumbo langu pia. Nilimwuliza mjomba. Alisema ni kweli wazee walikataza, na kwamba yeye anavyowafahamu wazee wale, walikuwa na nyama huko ndani hawakutaka kugawa.

Lakini lipo katazo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nami nililijua baada ya kulivunja. Kwetu, mkubwa akifika unaacha unachofanya. Unachutama, unapiga makofi, unaamkia, unajibiwa, unauliza za nyumbani, unajibiwa tena. Ukiyaruka hayo wewe si mtu, na waliokulea nao si watu. Basi siku moja nikiwa na koleo mkononi, mke wa mchungaji alibisha hodi. Nilifanya kama nilivyolelewa: nikaacha koleo, nikachutama, nikaamkia vizuri kabisa, hadi na habari za mahindi nikauliza. Nilipogeuka, chuma kilikuwa kinatoa cheche nyeupe kama chumvi iliyotupwa kwenye makaa. Kilikuwa kimeungua. Chuma kikiungua hakuna dawa, ukikigonga kinamomonyoka.

Mjomba alisubiri mgeni aondoke. Kisha akaniambia nichutame tena, safari hii nikiamkie chuma, maana nacho kimefariki. Baada ya hapo alikaa kwenye gogo akasema neno ambalo nimelishika hadi leo.

"Chuma kikiwa motoni, hapa hakuna mkwe, hakuna mchungaji. Anayebisha hodi asubiri. Hivyo ndivyo babu yako alivyonilea humu humu bandani, na hakumpunguzia mtu yeyote."

Ni rahisi kusema. Jaribu wewe uliyezaliwa Mbozi kumnyima mkubwa salamu. Magoti yana akili yao. Kwa miezi mingi, kila hodi ilipopigwa, nilihisi yanaanza kukunjika yenyewe, na mjomba akawa anakohoa kunikumbusha. Madereva wa Zambia waliokuja kutengenezewa visu ndio walionizoesha, kwa sababu wao hawakuwa wakubwa zangu. "Bamayo, mulishani," wananisalimu mlangoni kwa adabu zote, nami nanyamaza hadi chuma kitoke, kisha nawajibu kwa Kibemba changu cha Tunduma na tunacheka. Nikajifunza kwamba mtu aliyeheshimiwa kwa kuchelewa bado ameheshimiwa.

Kitu kimoja hakikunisumbua hata siku ya kwanza, na nakisema kwa majivuno. Chuma cha springi, ukitaka kukinywesha oili kiwe kigumu, lazima ukitoe motoni kikiwa na rangi yake. Kikiwa bado, kitabaki laini. Kikipita, kitapasuka kama kigae. Mjomba aliihangaikia sana rangi ile akijaribu kunieleza, akataja damu, akataja jua. Nikamwambia, mjomba, hiyo ni rangi ya kahawa iliyoiva, ile ya kuchumwa leo, si ya kesho. Nimeichuma rangi hiyo tangu nina meno ya utoto. Alinitazama kwa jicho la pembeni, akaguna, na tangu siku hiyo na yeye akawa anaiita hivyo mbele ya wateja kama vile ni neno lake.

Siku ya kupimwa ilifika. Kutoka wilayani alikuja mama mmoja mpole aliyevaa viatu visivyofaa kwa vumbi letu, na pamoja naye mhunzi mzee kutoka milima ya Ileje, mwenye vidole virefu na uso usiojua utani. Majirani walijaa. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao wakaegemea uzio, wengine wakishangilia, wengine wakiwa wamekuja kuona nikishindwa. Niliwajua kwa sura. Mama yangu alikuja na kitenge kipya. Baba hakuja. Mama alisema ana kazi kidogo, na mimi sikumwuliza kazi gani.

Niliambiwa nifue jembe la kienyeji, lile lenye mkia unaopenya kichwa cha mpini. Nilichagua springi yangu mwenyewe kwa kuigonga. Mjomba alikaa kwenye mivukuto, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yake kunitumikia, na wala hakuionea aibu. Nilikata, nikapanua, nikachonga mkia. Nyundo ilikuwa inashuka pale ninapotazama. Nilisahau watu. Nikasikia tu kijana mmoja kwenye uzio akimwambia mwenzake, "Huyu dada si mchezo," nikakaza meno nisicheke.

Ikabaki kazi moja, kunywesha makali. Ndiyo inayoua majembe. Niliweka upande wa makali motoni, nikainama. Ndani ya banda letu tumeacha giza kidogo makusudi, ili rangi ionekane. Ikaja nyekundu ya kahawa changa inayoanza kugeuka. Mjomba akapunguza mwendo wa mivukuto. Ikaendelea kukolea.

"Hodi humu," ilisema sauti mlangoni.

Ilikuwa ya baba.

Sikuhitaji kugeuka. Sauti ile ndiyo iliyonifundisha kuitika hodi. Wale wa mlangoni nikasikia wakisogea kumpisha. Magoti yangu yakaanza safari. Nasema kweli, yalianza, nikaona mwenyewe makaa yakinikaribia. Rangi ilikuwa bado kidogo, kidogo tu. Mjomba alivuta mivukuto macho yake yakiwa kwenye ngozi, hakukohoa. Hilo aliniachia.

"Hodi," baba akasema mara ya pili, na sasa jina langu la ukoo likafuatia.

Nilinyoosha magoti. Sikujibu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba huyu msichana amemnyima baba yake salamu mbele za watu. Uso uliniwaka kuliko moto uliokuwa mbele yake. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira, hasira ya kwamba katika siku zote na saa zote amechagua hii. Na rangi ikafika. Kahawa ya kuchumwa leo. Nilitoa jembe, nikalizamisha kwenye oili chafu, moto ukaruka juu ukazimika, moshi ukanijaa puani. Nikalitoa, nikasugua ukingo kwa jiwe hadi ung'ae, nikalirudisha juu ya makaa kulituliza, na kusubiri rangi ya mwisho itembee polepole kutoka njano hadi ile ya bluu. Baba alikuwa amesimama pale wakati wote huo. Nilisikia anavyopumua. Bluu ilipofika ukingoni nililizima, nikaliweka juu ya fuawe.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilichutama hadi chini kabisa, masizi na jasho vyote, nikapiga makofi, nikaamkia kwa Kinyiha kama mtoto. Baba hakujibu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na alikuwa anatazama jembe.

Mhunzi wa Ileje akalichukua. Aligonga, akasikiliza. Alilipiga ukingo kwenye jiwe kwa nguvu ambayo ningeiita uadui, akatazama, hakuona pengo. Akatoka nje nalo, akalitia kwenye mpini, akalima kwenye ardhi ngumu ya kando ya barabara ambako malori huegesha, mawe na yote, tukasikia linavyolia. Aliporudi alifuta udongo kwa kidole gumba, akamgeukia yule mama wa wilayani.

"Huyu ni fundi," alisema. "Mimi sina la kumwongezea."

Kelele zilizopigwa pale zilisimamisha lori. Mama yangu alitandika kitenge chake kipya chini ili nikikanyage, mjomba akaanza kucheza akiwa bado amekaa, na wale vijana wa uzio wakapiga honi za pikipiki zao, hata wale waliokuja kuniona nikishindwa. Nilitamani kupiga kelele nami, lakini nilikuwa namtafuta baba kwa macho, kwa sababu alikuwa bado hajaitika salamu yangu.

Yule mwanamke wa manung'uniko alikuwa amemfikia kabla yangu. Alikuwa anampa pole. Alimwambia ufundi ni mzuri, lakini mtoto asiyeitika hodi ya baba yake, mbele ya wageni wa serikali, hiyo ni aibu ya kuzungumza nyumbani.

Baba akamsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akamwambia, taratibu, kila mtu akasikia:

"Mama, mimi nilikuja kuposa katika banda hili. Mkwe wangu, babu yake huyu, alikuwa na chuma motoni. Alinisimamisha hapo mlangoni na koti langu la posa hadi miguu ikafa ganzi. Leo nimesimama nje tangu asubuhi, nikisubiri mivukuto ibadilike mwendo, nijue chuma kimekaribia, ndipo nibishe." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu afike akanitazama usoni. "Ungeniitikia, ningeondoka na kiwanja changu."

Akachutama mbele yangu, koti la kanisani likigusa masizi, akapiga makofi, akaitika.