Moto Usiofuka Moshi

Mimi si mwoga. Fisi nimewahi kumfukuza kwa mwiko, waulize wa kwetu. Lakini jiko la mkaa likiingizwa chumbani, weee, mpaka leo mwili unanisisimka, na wajukuu wananicheka: "Bibi anaogopa jiko!" Wacheke tu.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mume wangu alipopata kazi ya useremala Mbeya mjini na kupewa nyumba. Tulitoka milimani Rungwe, kwenye nyumba za mianzi na nyasi. Kule moto ni wa kuni, unawaka ndani siku nzima, na moshi unajitokea wenyewe kwenye mianzi. Unakutoa machozi, ni kweli, lakini unakausha mahindi na kufukuza wadudu. Nyumba ya mjini ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, sementi chini, dirisha la kioo. Nikajiona Mzungu! Kuni mle ndani tulijaribu mara moja, tukatoka mbio tunakohoa. Na kuni zenyewe zilikuwa taabu, maana msitu wa mlimani ulikuwa na askari wake. Umeme tuliuona kwa mbali tu, kwenye nyumba za wakubwa. Sisi tulipika kwa mkaa, barazani.

Nikajifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa saba, wakati baridi ya Mbeya inauma mpaka kwenye meno. Mama mkwe akaja kunitunza. Kwetu mzazi hukaa na moto; asipokaa na moto, wanasema, maziwa yanaganda kifuani na mtoto anaingiwa na baridi. Alipokuta chumba kimepoa akang'aka: "Mnataka kuniulia mjukuu?" Asubuhi moja ya ukungu, mume wangu akiwa kazini, akaliingiza jiko chumbani. Mkaa ulikuwa umeiva, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi. Akafurahi kwelikweli. "Ona moto mpole huu! Hata macho ya mtoto hayataumia." Akaziba nyufa za dirisha kwa matambara, akalaza gunia chini ya mlango.

Sikumlaumu, wala simlaumu. Nyumba ya mianzi haizibiki, basi nani kwetu angejua moto unafanya nini ukifungiwa? Tulijua ubaya wa moto ni moshi. Ukikosa moshi, umekosa ubaya. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Habari za moto usiofuka hawakutuambia.

Kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni homa. Mama mkwe alikuwa ananisimulia ugomvi wa shamba la migomba, mara akanyamaza katikati ya neno. Nikamtazama, ameegemea ukuta, mdomo wazi. Nikasema moyoni, kachoka, mtu mzima. Kisha nikamtazama mtoto. Nilikuwa namnyonyesha, naye ameliachia ziwa. Nikamfinya shavu. Hakulia. Nikamfinya kwa kucha. Kimya. Hapo niliogopa, jamani, niliogopa hofu ambayo sijaionja tena maishani. Nikataka kusimama, magoti yakakataa. Mtoto wangu anakufa, na mimi nimelala pale kama gunia la viazi.

Ndipo nje nikasikia kikohozi. Mzigo wa kuni ukatuliwa barazani, puu, halafu sauti ya mzee: "Mugonile!" Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, ya kuuliza watu wamelalaje. Alikuwa baba mkwe, kashuka kwenye lori kutoka Rungwe, amekuja kumwona mjukuu.

Sasa elewa. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja. Ndiyo maana mzee hukohoa kwanza, ili mkwe ajifiche. Na mkwe mwenye adabu akisikia kikohozi hicho, hunyamaza. Mzee akangoja mkewe aitike. Hakuitika mtu. Akakohoa tena. Kimya changu alikisikia kama heshima! Nikamsikia akijisemea kuwa mkewe atakuwa ameenda bombani, basi atamngoja kule barabarani. Viatu vyake vikaanza kuondoka.

Mama weee! Aliyenipa ulimi ni Mungu tu. "Baba! Baba, mtoto anakufa!" Ilitoka sauti ndogo, ya paka. Viatu vikasimama. Vikasimama, vikasimama, na mimi nikaogopa zaidi, maana mzee yule kwa mila alikuwa hachezewi. "Baba, ingia!"

Mlango ukapigwa bega. Aliingia uso ameugeuzia ukutani, anapapasa kwa mikono kama kipofu, mpaka akampata mtoto akatoka naye. Akarudi akamburuta mkewe. Akarudi tena, akazungusha koti lake kiganjani ili ngozi yake isiguse yangu, akanivuta hivyo hivyo mpaka nje.

Nikalala kwenye majani yenye umande. Mama mkwe anatapika ubavuni kwangu. Kichwa sikuweza kukiinua. Niliona mgongo wa mzee tu, amesimama kwenye ukungu ule ule tuliokuwa tunauzibia dirisha, mtoto yumo ndani ya shati lake, anampuliza usoni, anampigapiga. Kimya. Nikasema Mungu wangu, nichukue mimi, huyu niachie. Mzee akapuliza tena.

Kisha nikasikia kilio chembamba, cha hasira.

Mzee hakugeuka. Alisema na barabara, iliyokuwa tupu, haina mtu hata mmoja: "Mwambieni mama yake, mtoto analia."