Mabakuli Yaliyochomwa Mara Mbili

Maame Dufie alizaliwa katika kijiji cha wafinyanzi, akaolewa na mwanamume asiyejua kukataa watu, na kati ya hayo mawili akajifunza kwamba udongo unaaminika zaidi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliuza asanka, yale mabakuli ya udongo yenye mikwaruzo ndani ya kusagia pilipili na nyanya, katika soko la Nkwantaase. Alianza na mabakuli manane kichwani. Baadaye akawa na kibanda kilichojaa hadi juu, nyumba ya vyumba vitano, na binti muuguzi. Hakuna aliyempa hata kimoja kati ya hivyo, naye alipenda watu walijue hilo.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata: mahali pazuri pa kukaa. Kibanda chake kilikuwa nyuma kabisa, ukingoni mwa mfereji, ambako mteja hufika akiwa amepotea njia. Nafasi ziligawanywa na Maame Tawiah, malkia, yaani mkuu, wa wauza nyanya, mwanamke mnene mwenye sauti iliyowazidi malkia wenzake wa vitambaa, wa chumvi na wa viazi vikuu.

"Udongo hauozi," Tawiah alimjibu kila alipoomba kusogezwa mbele. "Mteja wako hata akija mwakani atalikuta bakuli lake. Nyanya zangu zitamngoja?"

Jumapili alfajiri soko likaungua. Chanzo cha moto kina wasimulizi wengi kuliko mashahidi, kwa hiyo tukiache hapo. Hakufa mtu. Lakini jua lilipopanda, nyanya zilikuwa mchuzi, vitambaa vilikuwa majivu, na chumvi ilikuwa imegandamana ikawa mwamba mweusi.

Jumatatu akaja Bwana Amponsem, afisa wa halmashauri, na karatasi mkononi. Akasoma kwamba uwanja usio na biashara ni uwanja mtupu, na uwanja mtupu huzungushiwa uzio. Wauzaji wangepewa mahali pengine, kilomita sita nje ya mji, jirani na machimbo ya kokoto.

"Nani atatufuata huko?" Tawiah akafoka. "Mawe?"

"Mama, mimi sikuandika sheria. Ijumaa ni siku ya soko. Nitakuja saa tisa alasiri. Nikikuta soko, nitaandika kwamba soko lipo. Nisipolikuta, nashusha nguzo za uzio."

Wakati wengine wanamzomea, Dufie alikuwa nyuma kwenye mfereji, akichimbua. Desturi yake ilikuwa kupanga mabakuli ndani ya makapi ya mpunga yasigongane. Mabati ya paa yalikuwa yamedondoka juu yake, na makapi yakafuka polepole chini yake siku nzima. Mabakuli yaliyoingia mekundu yalikuwa yametoka meusi, yaking'aa, rangi ileile ambayo wafinyanzi wa kijijini kwao huiuza ghali zaidi kwa sababu ina kazi. Akayagonga moja moja kwa kifundo cha kidole. Bakuli zima hulia kama kengele. Lenye ufa hukohoa kama mtu mwenye mafua. Yaliyolia yalikuwa mia nne na kumi na mawili.

Akajipangusa mikono, akaenda kwa Tawiah, aliyekuwa ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, wenzake wamemzunguka kama kwenye matanga.

"Nina mabakuli mia nne na zaidi," akasema.

"Hongera. Utatuwekea pilipili?"

"Yakikaa pamoja ni kibanda. Yakikaa mahali arobaini, ni soko."

Tawiah akamtazama kutoka miguuni hadi kitambaa cha kichwani. "Tuuze udongo wako? Mimi, malkia wa nyanya?"

"Malkia wa nyanya zipi, dada?"

Kicheko kikawatoka wote, cha kwanza tangu Jumapili, na Tawiah mwenyewe akacheka bila kupenda.

"Mabakuli kumi kwa kila mtu," Dufie akaendelea. "Mimi nachukua bei yangu ya jumla, kinachozidi ni chenu. Nami nahamia langoni."

"Langoni ni pangu!"

"Palikuwa pako. Leo ni majivu, na majivu yako si matamu kuliko yangu."

"Watu wanalia, wewe unapatana bei!"

"Wakimaliza kulia watataka kula."

Walivutana hadi kivuli kikahama. Mwishowe Tawiah akakata lango katikati: kulia kwake, kushoto kwa Dufie. Dufie alikuwa ameomba lote ili apate nusu. Akajifanya ameumia, akanyoosha mkono.

Alhamisi akaenda vijijini. Siku hiyo huko hakuna anayegusa ardhi kwa jembe, maana ni siku ya ardhi yenyewe kupumzika, kwa hiyo aliwakuta wakulima wote majumbani.

"Kesho soko lipo," akawatangazia. "Leteni mizigo."

"Si tumesikia liliungua?" akauliza Afrakoma, mama mmoja mwenye shamba kubwa la nyanya.

"Liliungua, likamaliza. Mlitaka liungue hadi Pasaka?"

"Na hao wachuuzi watanunua kwetu kwa pesa gani? Si mitaji yao imeteketea?"

"Njooni kwanza," akasema Dufie, maana hilo alikuwa bado hajalipatia jawabu.

Ijumaa asubuhi wanawake arobaini na mmoja waliketi kila mmoja juu ya kipande chake cha majivu, na mbele yao mabakuli. Ilikuwa biashara ya vichekesho. Tawiah aliyapanga kwa piramidi kama nyanya, kisha akamwambia mteja, "Bonyeza, mwanangu, uone yalivyo magumu!" Birago, muuza vitambaa, alimpimia mtu upana wa bakuli kwa mkono, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, akaapa kwamba halitachuja rangi. Watu wa mji walikuja kushangaa, wakabaki kununua. Bakuli lililopita kwenye moto wa soko zima! Mmoja alilinusa lake akasema pilipili imo tayari.

Kosa lilianzia kwa Akyaa, muuza chumvi. Nkwantaase haiuzi kitu bila nyongeza. Muuzaji akishapokea pesa, huongeza kidogo juu, na mteja asiyepewa huondoka amenuna. Kwenye chumvi, nyongeza ni konzi moja. Mkono wa Akyaa ulikuwa umezoea kwa miaka ishirini kujiongezea wenyewe. Kila alipouza bakuli kubwa, mkono ukachukua dogo ukaliweka juu. Wateja wakamiminika kwake. Majirani kuona hivyo, nao wakaongeza.

Saa tano, Dufie alipozunguka, alikuta wanawake kumi na wawili wamekaa mbele ya majivu matupu, wakitabasamu.

"Akyaa! Mabakuli yako yako wapi?"

"Yameisha, Maame! Nimekuuzia yote!"

"Umeniuzia matano, matano umewapa. Na Amponsem anakuja saa tisa. Tutamwonyesha soko la wanawake waliochuchumaa?"

Akyaa akaziba mdomo. Uso ukamwiva.

Dufie hakugombana, ugomvi haurudishi bakuli. Akatazama langoni. Wakulima walikuwa wameshafika, Afrakoma mbele, vikapu vimejaa nyanya, bilinganya na mikungu ya ndizi. Wamesimama tu, kwa kuwa wachuuzi wa kununua kwao hawakuwa na pesa za kutosha. Afrakoma alikuwa ameinama anagonga bakuli la Dufie, linalia.

"Nipe hili," akasema. "Nikiuza nitakulipa."

"Sikopeshi." Dufie akaangalia kikapu cha nyanya. "Mimina hicho kikapu hapo kwa Tawiah, uchukue makubwa mawili."

"Kikapu kizima? Umelewa! Matatu."

"Mawili."

"Mawili na nyongeza."

"Mawili na dogo moja. Mimina!"

Nyanya zikabingirika mbele ya Tawiah. Yule malkia akazishika kwa mikono miwili, akaokota moja, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Hii ni laini," akasema, na sauti yake ya zamani ikamrudia, "lakini nitaipatia mpumbavu wake."

Dufie akapanda juu ya kreti. "Sikieni! Bakuli haliuzwi tena kwa pesa! Bakuli kwa nyanya, bakuli kwa ndizi, bakuli kwa kiazi! Na Akyaa afungwe mikono!"

Kelele zilizofuata zilisikika hadi kituo cha mabasi. Kila mwanamke alikuwa na kauli yake, na kila mkulima alitaka moja la mkewe na moja la mama mkwe. Wenye mabakuli wakawagawia waliomaliza, na nafasi tupu zikajaa mboga. Hata Birago akapata kikapu cha konokono wa kupika, akawapima kwa kiwiko.

Saa tisa lori likaingia na nguzo za uzio. Bwana Amponsem akashuka, akatazama huku na huku, karatasi mkononi.

"Hawa ni watu waliokaa kwenye majivu," akasema. "Siwezi kuandika kwamba ni soko."

"Andika unavyoona, baba," Dufie akamjibu, akipangusa bakuli lake la mwisho kwa pindo la nguo, polepole, likameremeta juani.

Afisa akalitazama. "Hilo la nani?"

"La mwenye pesa. Cedi themanini."

"Themanini! Udongo huu? Arobaini."

"Baba, limechomwa mara mbili. Wewe umechomwa mara ngapi? Sabini."

Akaligonga. Likalia. "Hamsini na tano."

"Sitini, kwa kuwa una uso mzuri."

Akalipa sitini, akalitia kwapani. Kisha, bila kufikiri, kama alivyofanya tangu utotoni alipotumwa na mama yake, akanyoosha kiganja. "Na nyongeza yangu?"

Soko zima likamgeukia.

"Rudia, baba," Tawiah akasema taratibu. "Umedai nini?"

"Nyo..." Akakoma.

"Watu waliokaa kwenye majivu hawadaiwi nyongeza," Dufie akasema. "Nyongeza hudaiwa sokoni."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwatisha kunguru. Amponsem akajaribu kukunja uso, uso ukakataa, naye akacheka hadi akafuta macho. Akaiweka karatasi juu ya bega la Akyaa, akaandika kwamba soko lipo. Dufie akamtilia pilipili tatu ndani ya bakuli.

"Na nguzo zako," akamwambia, "barabara ni mbovu, za nini kuzirudisha? Zishushe hapa tukutunzie."

Wiki mbili baadaye nguzo zilikuwa bado zinatunzwa, zimesimama wima, zimebeba mabati mapya. Wa kwanza kupata kivuli alikuwa Dufie, langoni, upande wa kushoto, akimlalamikia Tawiah kwamba jua la jioni linapiga upande huo, kwa hiyo ingekuwa haki wabadilishane.